Uliza Ujibiwe: Kengtung, mji wa ukuta na mabwana wa mbingu

Toleo lililopita tuliweka picha ya lango la zamani la mji wa Kengtung, huko Myanmar, nchi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Bama, yaani Burma. Chini ya picha tuliandika mistari mitatu tu, na kumbe hiyo mistari mitatu imewasha moto, maana barua na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua zile ambazo zinagusa mambo ya msingi. Zinazofanana nimejibu mara moja.

Babu yangu alikuwa Keya, alipigana Bama na akarudi salama, ila hakupenda kabisa kuongelea vita. Nilivyoona ile picha nikajiuliza, inawezekana alipita kwenye lango lile? (Mjukuu, Songea)

Hapana ndugu yangu, na afadhali nikwambie ukweli kuliko kukupa stori ya kukufurahisha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipita upande wa magharibi wa nchi, kwenye bonde la Kabaw, mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, tope mpaka magotini na malaria kila kona, na mwezi Desemba wakawa wameshafika Kalewa kwenye mto Chindwin na kuuvuka. Brigedi ya 28 ya kwetu ilienda mbele zaidi mpaka kando ya mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945. Sasa Kengtung iko mashariki kabisa, ng'ambo ya mto Salween, jirani na Thailand, Laos na China. Yaani ni kama mtu apigane Kigoma halafu umuulize kama aliiona Lamu. Na wakati huo huo babu yako akiwa kwenye tope la Kabaw, Kengtung ilikuwa mikononi mwa jeshi la Thailand, ambalo liliingia 1942 likiwa upande wa Wajapani, likaweka gavana wake wa kijeshi na kuutangaza mji kuwa sehemu ya Thailand. Vita vilipoisha wakarudisha. Babu hakupita pale, lakini vita vilikuwa ni vile vile.

Mmeandika "saofa". Hicho ni cheo gani? Ni mfalme, chifu au sultani? (Mwalimu wa sekondari, Machakos)

Mwalimu, asante, hili ni swali zuri kwa sababu cheo chenyewe kinaeleza mambo mengi. Kwenye lugha ya Washan, watu wa milima ya mashariki mwa Bama, ambao wenyewe wanajiita Tai, "sao" ni bwana na "fa" ni mbingu, kwa hiyo saofa ni bwana wa mbingu. Waburma walivyolitamka likawa sawbwa, na Waingereza wakaandika hivyo kwenye makaratasi yao. Kulikuwa na zaidi ya himaya 30 za namna hiyo kwenye milima ya Shan, nyingine kubwa, nyingine ndogo kama tarafa, na Kengtung ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote kwa eneo.

Chini ya saofa kulikuwa na watawala wadogo, na hapa ndipo naomba usome polepole. Mmoja wa vyeo hivyo kwa Kiburma ni myosa, na maana yake neno kwa neno ni "mla mji". Siyo tusi, siyo lugha ya wapinzani wao, ni cheo rasmi kabisa. Mtu amepewa mji aule, yaani aishi kwa ushuru na kodi ya mji huo. Sisi ambao kwenye Kiswahili tunasema fulani "amekula" hela za kijiji, tunaelewa bila kufafanuliwa, tofauti ni kwamba kule kula kulikuwa kumeandikwa kwenye cheo na kila mtu alijua mpaka wa sahani yake.

Huo mji ulianzishwa na nani hasa? Nimesoma sehemu kwamba zamani pale palikuwa ziwa. (Msomaji, Zanzibar)

Hiyo ya ziwa ni hadithi ya wenyewe. Wanasema bonde lote lilijaa maji, akaja mtawa wa porini anaitwa Tungkalasi akachora mfereji kwa fimbo yake na maji yakakimbilia kaskazini, ndiyo maana mji ukaitwa Keng Tung, mji wa Tung. Na kweli mto Khun, ambao watu wa pale wanajiita kwa jina lake, unaelekea kaskazini, tofauti na mito mingine ya eneo hilo inayoshuka kusini, kwa hiyo hadithi ina mguu wa kusimamia. Na katikati ya mji mpaka leo kuna ziwa dogo, Naung Tung, watu wanatembea kando yake jioni.

Upande wa historia ya maandishi, mji unaunganishwa na Mangrai, yule mfalme aliyejenga Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand ya leo, mwaka 1296. Masaofa wa Kengtung walijihesabu kuwa uzao wake, ukoo ambao ulishika mji huo karibu miaka 700 mpaka tunafika 1959.

Ila Mangrai hakukuta pori tupu. Walikuwepo watu wa mlimani, wa jamii ya Wawa, akawafukuza. Na hili ndilo jambo lililonigusa kuliko yote kwenye historia ya mji huu: kila saofa mpya alipotawazwa ilikuwa desturi kuwaleta watu kutoka vijiji vya hao wenyeji wa mwanzo, wanaketishwa mahali pa heshima, wanaandaliwa chakula, na wakiwa katikati ya kula wanafukuzwa, ndipo saofa anakaa. Yaani kila kizazi kilikubali hadharani, mbele ya umati, kwamba hapa palikuwa pa watu wengine na sisi tuliwatoa. Nimefikiria sana kuhusu hao watu wa kijijini waliokuja kucheza hiyo nafasi, wanashuka mlimani, wanakaa, wanamega tonge la kwanza wakijua la pili halitafika mdomoni. Watawala wengi hufuta kabisa habari ya waliowatangulia. Hawa waliiweka ndani ya sherehe, ingawa kwa namna inayouma.

Ukuta ulijengwa kwa ajili ya nini na uliwahi kusaidia kweli au ni mapambo? (Fundi ujenzi, Mwanza)

Ulisaidia fundi, tena sana. Ulikuwa ukuta wa udongo na matofali, unafuata mgongo wa vilima badala ya kwenda mraba kama wa Mandalay, mji wa zamani wa wafalme wa Burma, nje yake handaki, na malango 12. Ukitembea kuuzunguka ni safari ya kutoa jasho maana ndani yake haukuwa mji tu, kulikuwa na mashamba, mabwawa na sehemu kubwa tupu kabisa.

Watu wengi wanadhani ukuta ni kwa ajili ya kuzuia adui asichukue ardhi. Kule ardhi ilikuwepo tele, kilichokuwa adimu ni watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Kawila, mtawala wa Chiang Mai, mji wake ukiwa umebaki magofu baada ya kutawaliwa na Waburma miaka mingi, alituma majeshi kaskazini yakazoa watu wa Kengtung, wakulima, mafundi, familia nzima nzima, akaenda kuwapanda kwake. Sera yenyewe mpaka leo wanaikumbuka kwa msemo: kusanya mboga uweke kapuni, kusanya watu uweke mjini. Mpaka leo Thailand vyombo vya mianzi vilivyopakwa utomvu ule mweusi unaong'aa vinaitwa "vitu vya Wakhun", kwa sababu mafundi wake walitoka Kengtung kwa nguvu.

Mmoja wa wana wa ukoo, Mahakhanan, alikataa kuhamishwa, akabaki milimani na watu wachache, halafu miaka ya 1810 akarudi kwenye mji uliobaki mtupu akaanza upya chini ya kivuli cha mfalme wa Burma. Huyu ndiye alitawala mpaka uzeeni, na huyu ndiye alikuwa ndani ya ukuta pale jeshi la Siam, yaani Thailand ya zamani, lilipokuja kuushambulia mji, mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1840, halafu tena 1852 mpaka 1854 likiongozwa na mwana wa mfalme mwenyewe, Wongsa, ndugu wa baba mmoja na mfalme Mongkut. Bangkok mpaka Kengtung ni milima juu ya milima, tembo wanachoka, chakula kinaisha, na askari waliolazimishwa kutoka Chiang Mai hawakuwa na moyo wa kwenda kupigana na watu ambao wanaongea nao lugha karibu moja. Walifika, mizinga ikapigwa, ukuta ukasimama, wakarudi. Mahakhanan alikuwa ameshaona mji wake ukizolewa kama mboga, hakuwa tayari kuona tena.

Tuseme ukweli, ukabaila ni ukabaila. Hao mabwana waliishi kwa jasho la wakulima. Kwa nini mnaandika kama mnawasifia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kaka (au dada, hukusema), nakubaliana na nusu ya kwanza bila kubishana. Watu walilipa kodi ya kaya, walitoa mpunga, waliitwa kufanya kazi bila malipo kwenye kuta, barabara na nyumba za wakubwa, na saofa alikuwa na neno la mwisho kwenye kesi zao. Kawn Kiao Intaleng, aliyetawala tangu miaka ya 1890 mpaka alipofariki 1935, alikuwa na wake kadhaa na watoto wengi sana, na nyumba kama hiyo hailishwi na upepo. Mwanae na mrithi wake, Kawng Tai, alipigwa risasi akafa mwaka 1937 wakati wa sikukuu ya kumaliza ile miezi mitatu ya mvua ambayo watawa wa Kibudha hawasafiri, na tuhuma zikaangukia ndani ya ukoo wenyewe. Kwa hiyo sioni sababu ya kumvalisha mtu yeyote hapo kanzu ya malaika.

Lakini kuna mkono wa tatu ambao mara nyingi unasahaulika. Waingereza walifika Kengtung mwaka 1890, James George Scott akiwa na kikosi kidogo tu, huyo Scott ndiye huyo huyo anayetajwa kupeleka mpira wa miguu Burma. Hawakumwondoa saofa. Walimpa hati, waliiita sanad, neno la Kiarabu lililopitia India, ikisema wewe endelea kutawala kwa mila zenu, ila utatulipa, misitu na madini ni yetu, na mambo ya nje usiguse. Wasomaji wa Tanganyika ya zamani mnaijua hiyo nyimbo, ndiyo ile ile gavana Cameron aliileta kwetu kuanzia 1925 ya kutawala kupitia machifu. Mtu ambaye zamani akizidisha ukali watu wake wanahama usiku kwenda kwa bwana mwingine, sasa nyuma yake kuna bunduki za serikali na mipaka imechorwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo saofa alipoanza kuwa kabaila wa kweli kweli, maana dawa ya zamani ya mkulima ilikuwa miguu yake.

Kwa nini masaofa waliachia madaraka 1959? Walipinduliwa? (Mwanafunzi wa chuo, Kampala)

Hawakupinduliwa mwaka huo, walisaini. Rudi nyuma kidogo. Tarehe 12 Februari 1947 viongozi wa Washan, Wakachin na Wachin walikaa na Aung San, kiongozi wa Waburma waliokuwa wanadai uhuru, kwenye mji mdogo wa Panglong wakakubaliana kudai uhuru pamoja, na katiba ikawapa Washan haki ya kujitoa baada ya miaka 10 kama wataona mambo hayaendi. Uhuru ukaja Januari 1948, na rais wa kwanza wa nchi nzima alikuwa saofa, Sao Shwe Thaik wa Yawnghwe, himaya nyingine ya Washan.

Kilichoharibu ni wanajeshi wa Kichina wa Chiang Kai-shek. Waliposhindwa China na Mao, wengine walivuka mpaka wakaingia hasa Kengtung, wakaweka kambi Mong Hsat, wakaanza kujilisha kwa kasumba. Jeshi la Burma likapanda milimani kuwafukuza na likabaki huko, na wanakijiji wakajikuta wanalisha majeshi mawili. Serikali ikawa inawaambia masaofa ninyi ni mabaki ya zamani, wananchi wanawataka muondoke, na ule mwaka wa haki ya kujitoa nao ukawa umefika. Tarehe 29 Aprili 1959 huko Taunggyi wakatia saini kuacha utawala wa kurithi, wakalipwa fidia. Sao Sai Long wa Kengtung, mtoto wa yule aliyepigwa risasi, aliyesoma Australia, akarudi kuwa mwananchi wa kawaida akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu.

Sisi Tanganyika machifu waliondolewa kisheria 1963, wengi wao wakapata kazi serikalini na maisha yakaendelea. Kule haikuwa hivyo. Tarehe 2 Machi 1962 jenerali Ne Win akapindua nchi, na waliokuwa wameshasaini miaka mitatu nyuma wakafuatwa majumbani usiku. Kijana wa Shwe Thaik, wa miaka 17, aliuawa usiku huo huo nyumbani kwao, na Shwe Thaik mwenyewe akafia gerezani Novemba. Sai Long alikaa ndani miaka kadhaa.

Kuna mzungu aliolewa huko akawa malkia bila kujua? Mama yangu aliniambia nikadhani ni sinema. (Binti wa Mombasa, nipo Muscat)

Mwambie mama hajakosea. Anaitwa Inge Eberhard, Mwaustria, alikutana na kijana wa Kishan huko Colorado, Marekani, ambaye alikuwa anasomea uhandisi wa madini. Wakapendana, wakaoana 1953. Meli yao ilipofika Rangoon, Inge akaona bandarini umati, mabango, muziki, watu wanarusha maua majini, akauliza kuna mkubwa gani kwenye meli hii? Mumewe ndipo akamwambia ni mimi, mimi ni saofa wa Hsipaw, himaya nyingine ya Washan. Alitaka kuhakikisha anapendwa yeye na siyo kiti chake.

Na huyu, Sao Kya Seng, ndiye nitampa yule msomaji wa Dar kama jambo la kufikiria. Aliporudi aliwagawia wakulima mashamba ya mpunga ya familia yake, akaleta matrekta, akaanza kutafuta madini kwa njia za kisasa. Siku ya mapinduzi alisimamishwa kwenye kizuizi cha jeshi karibu na Taunggyi. Hajaonekana tena. Jeshi likasema halijamkamata, wakati watu walimwona akichukuliwa. Inge aliondoka na binti zake wawili 1964, akafundisha shule Marekani, akaolewa tena akawa Inge Sargent, na kwa miaka yote akaendelea kuandikia kila serikali iliyoingia swali moja: mmemfanyia nini? Alifariki Colorado mwaka 2023. Hakujibiwa.

Hilo jumba la saofa wa Kengtung bado lipo? Natamani kulichora. (Msanii, Bujumbura)

Halipo, na kwa kweli nikiandika hapa moyo unaniuma. Intaleng alikuwa amekwenda India kwenye yale makusanyiko makubwa ya Waingereza huko Delhi, akavutiwa na majumba aliyoyaona, aliporudi akajenga lake mwanzoni mwa miaka ya 1900, refu, jeupe, matao na kuba za Kihindi katikati ya milima ya Shan. Lilikuwa la ajabu, wengine wangesema halikufanana na mahali, ila watu wa mji walishalizoea na likawa lao. Mwaka 1991 serikali ya kijeshi ikalibomoa, na mahali pale ikajengwa hoteli.

Weka picha mbili pembeni pembeni, ile ya kuba na ile ya hoteli, utaona kiwanja ni kile kile. Saofa alikuwa ameshaondoka madarakani miaka 32, hakukuwa na kodi iliyokuwa inalipwa pale, hakukuwa na mtu anayepiga magoti pale. Kilichobomolewa ni cha wananchi waliobeba hayo matofali, wao na babu zao. Huko Hsipaw na Yawnghwe majumba yalibaki, la Yawnghwe ni makumbusho, watoto wa shule wanaingia wanaona kiti na nguo, na ukabaila haujarudi kwa sababu hiyo.

Kama unataka kuchora, chora kutoka kwenye picha za zamani, zipo. Tutumie kazi yako tutaichapisha.

Naweza kwenda kutembea? Na nitaona nini? (Wengi mmeuliza)

Kwa sasa nisingekushauri. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 nchi iko vitani. Wakati wa amani njia ya kawaida ni kuvukia Mae Sai Thailand kwenda Tachileik halafu barabara ya milimani kama kilomita 160.

Siku itakapowezekana, utakuta lango moja la zamani limesimama na vipande vya ukuta vimeota miti na majani, mahali pengine watu wamejenga juu yake. Utakuta mnara wa dhahabu wa hekalu la Zom Kham, soko la asubuhi ambalo watu wa milimani wanashuka na mizigo yao, na ziwa. Makaburi ya masaofa yapo pia, yamejengwa kama minara midogo ya ibada iliyopangana, Intaleng akiwemo, hayo hayakuguswa. Chukua muda upite hapo kabla ya kwenda kupiga picha za lango.